Habari za Arnold Ridley, Mwigizaji Aliyeona Vita Viwili

Wasikilizaji, leo twataka kusimulia habari za Mwingereza mmoja aliyeitwa Arnold Ridley. Hakuwa mfalme wala jemadari. Kazi yake ilikuwa kuigiza. Nasi twajua kwamba waigizaji ni wa namna mbili. Wako wanaopewa nafasi ya shujaa, na wako wanaoigiza mzee, karani, mwenye duka au mtumishi. Hawa wa pili husifiwa kidogo, lakini pasipo wao mchezo hauna chumvi. Ridley alikuwa mmoja wao.

Alizaliwa mjini Bath mwezi wa Januari 1896. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Bristol, akafundisha shule kwa muda. Mwaka 1915 akaingia jeshini. Mwezi wa Septemba 1916, katika vita vya mto Somme huko Ufaransa, alipambana na adui ana kwa ana. Alichomwa singe, akapigwa kichwani kwa kitako cha bunduki, na mkono wake wa kushoto ukaumizwa vibaya, hata haukupata kupona sawasawa. Mwaka 1917 akaachishwa jeshi kwa sababu ya majeraha hayo.

Akaenda kuigiza Birmingham, kisha Plymouth, lakini majeraha yakamshinda. Akarudi kwao Bath, akafanya kazi katika duka la viatu la wazazi wake. Lakini wahenga walisema, Mungu hakupi kilema akakunyima mwendo. Safari moja alikwama saa nyingi katika stesheni ndogo ya Mangotsfield, karibu na Bristol, akingoja gari la moshi. Ukiwa wa mahali pale ukamtia mawazo, akatunga mchezo uitwao The Ghost Train, habari za wasafiri waliokwama usiku stesheni wakaogofywa na gari la moshi la mizuka. Mchezo huo ulionyeshwa London mwaka 1925, ukaendelea zaidi ya mwaka mzima. Baadaye alitunga michezo mingine mingi. Hata hivyo mali haikukaa; katika miaka ya 1930 aliingia katika biashara ya sinema, biashara ikaanguka, akabaki na madeni.

Mwaka 1939 vita vilipozuka tena, Ridley, mwenye miaka 43 na mkono mbovu, alirudi jeshini, akapelekwa Ufaransa. Mwezi wa Mei 1940 akaokolewa kwa manowari kutoka bandari ya Boulogne. Machungu ya vita vya kwanza yakamrudia, akaachishwa kwa mara ya pili. Ndipo alipojiunga na walinzi wa nyumbani, jeshi la kujitolea la watu wasioweza kwenda vitani.

Ikawa mwaka 1968 B.B.C. ikaanza kuonyesha katika televisheni mchezo wa kuchekesha wa walinzi hao hao, uitwao Dad's Army. Ridley, sasa mzee wa miaka 72, akapewa nafasi ya askari Godfrey, mpole na mnyonge. Katika kipindi kimoja cha mwaka 1969, Godfrey akiri kwamba katika vita vya kwanza alikataa kuua mtu. Wenzake wamdharau na kumtenga. Mwisho wagundua kwamba alikuwa mchukuzi wa majeruhi pale Somme, akapewa nishani kwa kuokoa watu chini ya risasi. Watazamaji wengi hawakujua kwamba mzee aliyeigiza maneno hayo alikuwa amemwaga damu yake mwenyewe huko Somme.

Mchezo huo uliendelea mpaka mwaka 1977, vipindi 80. Mwaka 1982 Ridley alitunukiwa nishani ya O.B.E., akafariki mwezi wa Machi 1984, umri wake miaka 88.

Basi tunajifunza nini? Twaona kwamba sifa kubwa ilimjia alipokuwa amekwisha kuzeeka, katika nafasi ndogo ya mtu mnyonge. Tena twaonywa tusimpime mtu kwa upole wake. Huenda mzee akaaye kimya barazani amebeba mambo ambayo kijana hodari asingeyaweza.