Safu ya Lugha: Dashibodi si ripoti

Siku hizi ofisi nyingi zinaagiza "dashibodi", na zinacholetewa ni faili la Excel lililojaa takwimu za mwezi uliopita. Hiyo ni ripoti. Neno "dashibodi" tumelitoa kwenye Kiingereza, ambako hapo kale lilikuwa jina la ubao wa mbele wa gari la farasi, uliozuia matope yanayorushwa na kwato. Magari ya injini yalipokuja, jina likabaki, na ubao ukawekwa spidomita na geji ya mafuta. Dereva haangalii geji ajue mafuta ya jana, na kwenye kompyuta maana ni hiyo hiyo: hali ya sasa. Fundi wa seva akifungua programu ya Grafana huona prosesa inavyoelemewa, kumbukumbu iliyobaki na maombi yaliyoshindikana ndani ya dakika tano zilizopita. Mistari ya grafu inasogea huku akiitazama.

Wapo wanaoiita dashibodi "jopo". La hasha! Jopo ni watu: jopo la majaji, jopo la madaktari. Kisanduku kimoja chenye grafu yake ndani ya dashibodi ni paneli. Na "metriki" ya nini, ilhali tuna kipimo na vipimo?

Tena, kufuatilia si kusimamia. Anayefuatilia hutazama vipimo na kupiga kengele mambo yakiharibika. Anayesimamia dashibodi huamua kipimo kipi kiwekwe, kipi kiondolewe, na nani aruhusiwe kuibadilisha. Ninyi mnaoandika matangazo ya kazi, tafadhali semeni mnamtaka yupi.