Kilingala cha Nyimbo za Mapenzi Mpakani Sirari

Kilingala kiliwafikia watu wa Afrika Mashariki kwa santuri na redio, wala si darasani. Lugha hiyo ya Mto Kongo ilienea zaidi baada ya kampuni za santuri za Léopoldville, leo Kinshasa, kuanza kurekodi rumba. Kampuni ya Ngoma ilianzishwa mwaka 1948, na mwaka 1956 ikazaliwa bendi ya OK Jazz, ambayo Franco aliiongoza baadaye. Sehemu kubwa ya nyimbo hizo ilihusu mapenzi, ndoa na usaliti.

Tarime, wilaya ya Tanzania inayopakana na Kenya, ilikuwa mahali pazuri pa kuzipokea. Mpaka uliowekwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1886 uliwagawa Wakurya, wenyeji wa huko, pande mbili, na barabara ya Musoma inaingia Kenya kupitia Sirari, inayotazamana na Isebania ya upande wa Kenya. Huko redio ya betri ilinasa Radio Tanzania Dar es Salaam, ikanasa na Sauti ya Kenya. Wanamuziki wa Kongo nao walisogea karibu: Orchestra Maquis ilihamia Dar es Salaam mwaka 1972, na Super Mazembe ikaweka makao Nairobi mwaka 1974. Bendi hizo ziliimba kwa Kilingala na kwa Kiswahili, hivyo msikilizaji alikisia lugha moja kwa msaada wa nyingine.

Kiitikio ndicho kilichofundisha, kwa sababu kilirudiwa hadi kikakaa kichwani. Maneno ya kwanza kushikwa yalikuwa *bolingo*, mapenzi, *motema*, moyo, *libala*, ndoa, *mwasi*, mwanamke, na *mobali*, mwanamume. Udugu wa Kibantu ulirahisisha kazi. *Mwana* ni mwana, na wingi wake ni *bana*; watu ni *bato*. Kwa Wakurya, wanaojiita Abakuria, kiambishi hicho cha *ba-* hakikuwa kigeni. *Motema* nalo lina ndugu katika *mtima* wa washairi wa Kiswahili. Hata jina la wimbo wa mwimbaji Mbilia Bel, *Nakei Nairobi*, lilieleweka nusu kabla ya kufasiriwa: *na-* humtaja msemaji mwenyewe.

Elimu hiyo ilikuwa na mipaka. Aliyejua kueleza maumivu ya moyo hakuweza kuuliza bei ya ndizi. Maneno mengine yalihitaji sentensi nzima ili yaeleweke: *lobi*, kwa mfano, ni jana na pia kesho.

Baadhi ya maneno yalihamia kabisa katika Kiswahili. Mwaka 1985 Franco alitoa *Mario*, wimbo kuhusu kijana anayelelewa na mwanamke mwenye fedha. Tangu hapo mwanamume wa namna hiyo huitwa mario. Nchini Kenya, “Lingala” likawa jina la muziki wenyewe, huku Tanzania ukiitwa pia bolingo.

Kuanzia miaka ya 1990, redio binafsi na baadaye Bongo Fleva zilirudisha sehemu kubwa ya nyimbo za mapenzi kwenye Kiswahili. Vijana waliokua wakati huo hawakulazimika tena kukisia maana, na msamiati wa Kilingala ukabaki zaidi kwa wasikilizaji wa rumba ya zamani.