Siku mabaharia 786 walipofukuzwa kwa video

Machi 17 ni tarehe ambayo baharia wa Dover, bandari ya Uingereza, hahitaji kukumbushwa. Siku hiyo, mwaka 2022, meli za abiria za kampuni ya P&O Ferries ziliamriwa zibaki bandarini kusubiri tangazo. Tangazo likaja kwa video ya dakika chache: ajira imekoma, na leo ndiyo siku ya mwisho. Mabaharia 786 wakawa hawana kazi.

Nje walikuwa wanasubiri walinzi binafsi, pamoja na wafanyakazi wa wakala walioletwa kuchukua nafasi zao. Katika bandari ya Hull, nahodha wa meli ya Pride of Hull aliondoa ngazi ya kupandia, walinzi wakabaki gatini. Mabaharia walikaa ndani kwa saa kadhaa kabla ya kukubali kushuka.

Wiki moja baadaye, Machi 24, mkurugenzi mtendaji wa kampuni hiyo, Peter Hebblethwaite, aliitwa mbele ya kamati mbili za Bunge la Uingereza. Hakuzunguka. Alikiri kuwa sheria iliwataka washauriane na vyama vya wafanyakazi, nao wakaamua kutofanya hivyo kwa sababu hakuna chama ambacho kingekubali. Mbunge Darren Jones akamuuliza kama hajui anachokifanya au ni mhalifu asiye na haya.

Kilichowachoma wengi zaidi kilikuwa hesabu. Mabaharia wapya wangelipwa wastani wa pauni 5.50 kwa saa, wakati kima cha chini cha mshahara nchini Uingereza kilikuwa pauni 8.91. Kwa sehemu kubwa, sheria iliruhusu. Meli za Dover kwenda Calais, Ufaransa, zilikuwa zimesajiliwa Cyprus, Pride of Hull ikipeperusha bendera ya Bahamas, na meli ya safari za kimataifa hufuata sheria ya bendera yake. Njia ya Larne kwenda Cairnryan pekee ndiyo iliyosalimika, kwa kuwa bandari zote mbili ziko ndani ya Uingereza. Tangu Oktoba 2020, safari za namna hiyo zililazimika kulipa kima cha chini, bendera iwe ya nchi yoyote.

Mmiliki wa kampuni hiyo alikuwa DP World ya Dubai, jina ambalo msomaji wa Dar es Salaam hahitaji kuelezwa tangu Oktoba 2023, iliposaini mkataba wa kuendesha gati namba 4 hadi 7.

Lakini sisi na jina la P&O tunajuana tangu zamani zaidi. Katika karne ya 19, meli zake za mvuke ziliajiri Wahindi sitahani, Wagoa jikoni na mezani, na chini kabisa, kwenye boila, watu wa Zanzibar na pwani yetu ambao Waingereza waliwaita Masidi. Wenye meli walidai kuwa Mwafrika hustahimili joto. Daftari la mishahara lilikuwa na sababu nyingine: walikuwa rahisi.

Mwaka 1939, vita vilipoanza, mabaharia wa Kihindi waligoma wakidai nyongeza. Mamia walifungwa, lakini nyongeza ikapatikana. Mwaka 1976, Bunge la Uingereza lilipokataza ubaguzi wa rangi kazini, liliacha upenyo: baharia aliyeajiriwa nje ya nchi aliweza kulipwa pungufu ya mwenzake wa kabini ya jirani. Masidi wetu wangeuelewa upenyo huo bila mkalimani.

Kelele za 2022 zilizaa sheria mpya Machi 2023, ikaanza kutumika Desemba 1, 2024. Meli inayotia nanga Uingereza angalau mara 120 kwa mwaka hutakiwa kuthibitisha kwamba mabaharia wake hawalipwi chini ya kima cha chini wakiwa katika maji ya nchi hiyo. Asiyethibitisha hutozwa, na akikaidi kulipa anafungiwa bandari. Ufaransa nayo ilipitisha sheria yake Julai 2023.

Kabla sheria haijaanza, Mei 2024, Hebblethwaite alirudi bungeni. Wakati huo ilishafichuka kuwa baadhi ya mabaharia wake wanalipwa pauni 4.87 kwa saa. Akaulizwa kama yeye angeweza kuishi kwa pesa hiyo. Akajibu kuwa hangeweza.

Kenya iliridhia Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa 2006 mwaka 2014, Tanzania mwaka 2019. Ni jambo jema, ila mkataba huo haumlazimishi mwenye meli kulipa mshahara wa nchi anayotia nanga. Kazi hiyo imeachiwa mwenye bandari. Dar es Salaam, Zanzibar na Mombasa zote ni bandari. Wabunge wetu waulize: baharia mgeni anayezunguka baina ya bandari zetu analipwa kwa sheria ya nani?