Tamthilia za mwendo wa pole: Utamu wake na mahali zinapokwama

Na Mwandishi Wetu, Kiomboi

ALIYEKOSA tamthilia ya jana jioni hana budi kusimuliwa na jirani. Ndivyo ilivyo katika miji midogo kama Kiomboi, makao makuu ya Wilaya ya Iramba mkoani Singida, na ndivyo ilivyo Dar es Salaam. Mara nyingi jibu la jirani huwa fupi: bado hawajagundua.

Hiyo ndiyo tamthilia ya mwendo wa pole. Siri moja, uchumba mmoja au ugomvi mmoja huweza kuchukua miezi kadhaa kabla ya kufikia kilele.

Watanzania waliuzoea mwendo huo kupitia redio kabla ya televisheni, ambayo ilianza Tanzania Bara mwaka 1994. Julai 1993, Radio Tanzania Dar es Salaam ilianza kurusha mchezo wa Twende na Wakati, mara mbili kwa wiki, nusu saa kila mara. Mchezo huo ulifuata mbinu za Miguel Sabido wa Mexico, aliyeanza kutumia tamthilia kuelimisha umma katika miaka ya 1970.

Mhusika wake aliyevuma sana alikuwa Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake njiani, na mkewe Tunu nyumbani. Hakuadhibiwa siku ya kwanza. Msikilizaji alimfuata safari baada ya safari, akacheka naye, hadi alipougua UKIMWI. Tunu naye hakubadilika ghafla; alijifunza kidogo kidogo kujitegemea.

Hapo mwendo wa pole ulikuwa ndio somo lenyewe, kwa kuwa virusi vya UKIMWI huweza kukaa mwilini kwa miaka kabla ya mtu kuugua. Hadithi ya haraka isingeweza kulionyesha hilo.

Katika mkoa jirani wa Dodoma mchezo huo haukurushwa hadi mwaka 1995, ili watafiti wapate kulinganisha. Walikuta kwamba matumizi ya uzazi wa mpango yaliongezeka zaidi mahali uliposikika.

Hata hivyo, mwendo huo una mitego yake. Wa kwanza ni kuvuta muda: wahusika hurudia maneno yale yale, na siri ambayo sentensi moja ingeimaliza hufichwa bila sababu.

Wa pili ni kuvunja ahadi. Katika tamthilia ya Marekani ya The Bold and the Beautiful, iliyoanza mwaka 1987, Dk. Taylor alikufa mwaka 2002, kisha akarejea akiwa hai mwaka 2005. Mtazamaji aliyemlilia mara moja atasita kumlilia tena.

Wa tatu ni mhusika mbaya kupendwa. Anapostarehe kwa miezi mingi kabla ya kulipa, anayeacha kufuatilia katikati hubaki na starehe tu, malipo hayaoni. Kwa mchezo unaokusudia kuonya, hiyo ni hatari kubwa.

Kipimo cha mtazamaji ni rahisi. Baada ya wiki moja, ajiulize: kuna yeyote anayejua jambo ambalo hakulijua, au aliyepoteza kitu asichoweza kukirudisha? Ikiwa yupo, subira inalipa. Ikiwa hayupo, anayesogea ni saa ya ukutani peke yake.