Riwaya Inayofikiri: Kwa Nini Riwaya na Vitabu vya Kitaaluma Vihakikiwe kwa Mizani Moja

Majarida yetu yamezoea kuviweka vitabu vipya katika mafungu mawili. Vya kitaaluma huulizwa vinadai nini, vina ushahidi gani na vimeongeza nini katika elimu iliyopo. Riwaya huelezwa msuko, wahusika na dhamira, kisha zikasifiwa au zikakosolewa kwa lugha yake. Makala haya yanadai kwamba mgawanyo huo hauifai fasihi ya Kiswahili. Riwaya zetu bora zimejenga hoja nzito kuhusu ukweli, historia na mamlaka, na baadhi yake zimeandikwa na watu walewale waliotuandikia nadharia na uhakiki. Anayezisoma kama visa vitupu anaikosa sehemu kubwa ya fikra iliyozalishwa kwa lugha hii.

Mfano ulio wazi zaidi ni Euphrase Kezilahabi (1944–2020). Mwaka 1985 aliwasilisha tasnifu yake ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, kuhusu falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi. Humo, kwa Kiingereza, alihoji mapokeo ya kifalsafa yanayomtenga anayejua na kile kinachojuliwa. Miaka mitano baadaye ikatoka Nagona (1990), ikifuatwa na Mzingile (1991). Riwaya hizi fupi ziliachana na uhalisia ambao wasomaji walimzoea nao tangu Rosa Mistika (1971). Msafiri wa Nagona anautafuta ukweli katika ulimwengu ambamo ndoto, visasili na mazungumzo ya kifalsafa vinaingiliana, na wakati haufuati mstari ulionyooka. Kezilahabi angeweza kuandika kitabu cha Kiswahili kinachoeleza kwamba ukweli hauwezi kushikwa na mtu aliyesimama kando. Badala yake alimwingiza msomaji katika simulizi ambamo hakuna kando ya kusimama. Umbo lenyewe ndilo hoja.

Haifuati kwamba Nagona ni tasnifu iliyovikwa mavazi ya hadithi. Tasnifu inaweza kuthibitisha kwamba uhakika ni jambo la kutiliwa shaka, lakini haimwonyeshi mtu anayelazimika kuishi bila uhakika huo. Riwaya inamwonyesha, pamoja na woga wake, upweke wake na matumaini yake. Hivyo inaipima nadharia kwa kuiweka mahali inapoweza kushindwa. Mhakiki anayetaka kuijua fikra ya Kezilahabi hana budi kuzisoma kazi zote mbili, kila moja ikiihoji nyingine.

Kyallo Wadi Wamitila anatupa ushahidi wa pili. Mwaka 2002 alichapisha Uhakiki wa Fasihi, kitabu kilichowaeleza wanafunzi misingi na nadharia za uhakiki kwa Kiswahili, na mwaka huohuo ikatoka riwaya yake Bina-Adamu! Mhusika mkuu wa riwaya hiyo anapita Ulaya, Asia na Afrika akiutafuta mzizi wa masaibu ya binadamu, na safari yake inageuka kuwa uchunguzi wa utandawazi na wa wale wanaofaidika nao. Vitabu hivi viwili vimetoka katika karakana moja. Said Ahmed Mohamed, mwanaisimu na mhakiki, naye alifuata njia hiyo katika Babu Alipofufuka (2001) na Dunia Yao (2006). Riwaya ya pili inalifanya suala la sanaa na kazi ya msanii kuwa mjadala ndani ya hadithi yenyewe.

Kuna pingamizi mbili zinazostahili jibu. Ya kwanza ni kwamba hoja hii inazihusu riwaya chache za majaribio tu, wala haizigusi riwaya za kihalisia ambazo wengi wanazipenda. Vuta N'kuvute (1999) ya Adam Shafi inaonyesha vinginevyo. Humo Yasmin, msichana mwenye asili ya Kihindi, anaozwa kwa mwanamume aliyemzidi sana umri, katika Zanzibar iliyokuwa chini ya Waingereza. Maisha yake yanakutana na ya Denge, mwanaharakati anayepinga utawala huo. Shafi hatoi mhadhara wowote, lakini kwa kuzisuka pamoja harakati za nchi na za msichana anayetaka kujichagulia maisha, anatoa dai la kihistoria: ukombozi unaoishia kwenye bendera bila kuingia nyumbani haujakamilika. Mwanahistoria wa siasa za Zanzibar anaweza kulikubali dai hilo au kulipinga, ila hana sababu ya kulipuuza.

Pingamizi ya pili ina uzito zaidi. Wapo wanaohofu kwamba kuisaka hoja katika riwaya kutaiua sanaa, kama ambavyo miongozo ya vitabu teule imeshaigeuza kuwa orodha ya dhamira za kukariri. Hofu hiyo ni ya haki, lakini chanzo chake ni kinyume cha ninachokitetea. Dhamira huweza kutajwa bila kitabu kusomwa: ukoloni, ndoa, rushwa. Hoja haipatikani ila kwa kufuatilia nani anasimulia, nini kimetangulizwa, nani kanyimwa sauti na hadithi imekataa kuishia wapi. Kwa hiyo anayetafuta hoja analazimika kuiheshimu sanaa kuliko anayeorodhesha dhamira.

Mizani hiyohiyo inapaswa kurudi kwa vitabu vya kitaaluma. Navyo vina msimulizi, vina mpangilio, vina sauti vilizozinyamazisha. Mhakiki ana haki ya kuuliza kama nathari ya kitabu cha nadharia inamwezesha msomaji wa Kiswahili kufikiri, au inamrundikia istilahi tu.

Ninayapendekezea majarida yetu mambo mawili. Kwanza, riwaya mpya ipewe mapitio marefu mara inapotoka, bila kungoja iteuliwe kuwa kitabu cha mitihani. Pili, pale inapowezekana, riwaya na kitabu cha kitaaluma vinavyoshughulikia suala moja vipitiwe pamoja na mhakiki mmoja, katika makala moja. Waandishi wetu wamefikiri kwa njia zote mbili kwa miongo kadhaa, na uhakiki unaoisoma njia moja tu hauwezi kudai kwamba umewaelewa.