Majina ya Kejeli kwa Waliopitwa na Wakati

Kiingereza tulichofundishwa darasani kina maneno ya adabu ya kumtaja mtu asiyependa mabadiliko. Lakini yale ya mitaani, ambayo mtahini hayaulizi, ndiyo yenye historia ndefu. Na tuyatazame matatu.

La kwanza ni "fogey". Leo maana yake ni mzee ang'ang'aniaye mambo ya kale. Mwishoni mwa karne ya 18 lilikuwa jina la utani la askari mkongwe au kilema, aliyekwisha kutumika vitani na sasa hana kazi. Yaani kejeli ilianzia kwa mtu aliyechoka, wala si kwa mkaidi.

La pili ni "Luddite". Siku hizi huitwa hivyo kila aogopaye mitambo. Ama kwa hakika Waluddite wenyewe hawakuwa hivyo. Mwaka 1811 wafumaji soksi wa Nottinghamshire walianza kuvunja mashine usiku, wakitia katika barua zao za vitisho jina la Jenerali Ludd, kiongozi ambaye hakuna aliyepata kumwona. Mashine za kufumia soksi zilikuwa zimevumbuliwa Uingereza tangu 1589, na waliozivunja ndio walewale waliozitumia kujipatia riziki. Walichokichukia ni ujira kupunguzwa, kazi kupewa watu wasiopitia uanagenzi, na kuuzwa soksi za vipande vilivyokatwa na kushonwa, zilizofumuka upesi na kuwaharibia jina. Vyama vya wafanyakazi vilikuwa vimepigwa marufuku, na vita dhidi ya Napoleon vilikuwa vimepandisha bei ya mkate. Wangelalamika wapi?

Serikali ilipeleka maelfu ya askari. Mwaka 1812 Bunge lilipitisha sheria ya kumnyonga mvunja mashine, ingawa mshairi Lord Byron alisimama katika Baraza la Malodi akaipinga. Januari 1813, mjini York, watu 17 walinyongwa, watatu kati yao kwa kumwua tajiri wa kiwanda. Damu ilimwagika pande zote mbili. Kilichobaki katika lugha ni dhihaka tu.

La tatu ni "Blimp". Kanali Blimp, mzee mnene mwenye masharubu, alichorwa na David Low, mzaliwa wa New Zealand, katika gazeti la Evening Standard la London kuanzia 1934. Huyu hakuwa mnyonge hata kidogo. Alifananishwa na wakubwa waliopinga kila jambo jipya kwa sababu la zamani liliwafaa wao.

Hivyo basi, askari aliyechoka, fundi mwenye njaa na mkubwa mwenye cheo wote wametiwa katika kapu moja. Jina halituambii mtu alipinga nini, wala ni nani angelipa gharama ya mabadiliko yale.

Ninyi wanafunzi, kabla ya kumcheka mwalimu akatazaye kikokotoo, mwulizeni anahofia nini kipotee. Nasi wakongwe, ambao kila tukikutana hatuachi kusema "enzi zetu", hapana budi tujiulize: je, tunatetea ubora wa kazi kama wale wafumaji, ama tunatetea kiti tulichokalia, kama Kanali?