Futi Tano na Inchi Tatu: Kimo cha Askari na Deni la Dola

Majeshi ya Ulinzi ya Kenya yanapotangaza nafasi za makuruti, sharti moja hurudiwa mwaka baada ya mwaka: mwanamume asipungue kimo cha mita 1.60, yaani futi 5 na inchi 3, wala uzito wa kilo 54.55, yaani pauni 120. Wanafunzi wangu hulisoma sharti hilo kana kwamba ni kanuni ya maumbile, isiyo na mwandishi wala tarehe. Mimi hulisoma kama waraka wa kale. Hakuna mtu anayefikiri kwa kilo ambaye angechagua 54.55, hizo ni pauni 120 zilizovishwa vazi jipya. Na futi 5 na inchi 3 ndicho kimo kilekile ambacho Jeshi la Uingereza lilikidai mwezi Agosti 1914.

Hoja yangu katika makala haya ni kwamba kipimo cha mwili wa askari hutueleza habari za dola inayopima kuliko za kijana anayepimwa. Kila kipimo kina waliokataliwa, na namna dola inavyowatendea hao ndiyo historia inayostahili kusomwa.

Tuanze na mwaka huo wa 1914. Vita vilipotangazwa, vijana wa Uingereza walifurika katika ofisi za uandikishaji. Kambi zikajaa, sare na bunduki zikapungua. Mwezi Septemba serikali ikapandisha kimo cha chini hadi futi 5 na inchi 6. Idadi ya waliojitokeza iliposhuka, kimo nacho kikashushwa: futi 5 na inchi 4 mwezi Oktoba, kisha futi 5 na inchi 3 mwezi Novemba. Kijana wa futi 5 na inchi 4 alifaa mwezi Agosti, akawa hafai Septemba, akafaa tena Oktoba. Mwili wake haukubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni mahitaji ya waliompima.

Mwezi huo wa Novemba, katika mji wa Birkenhead, mbunge Alfred Bigland alipata kibali cha kuunda kikosi cha wanaume wenye kimo kati ya futi 5 na futi 5 na inchi 3, mradi wawe na kifua kipana. Vikosi hivyo viliitwa Bantam, jina la aina ya kuku wadogo wenye ukali. Watu waliohesabiwa kuwa si askari wakawa askari kwa saini moja.

Kwa nini Uingereza, taifa tajiri kuliko mengi wakati ule, ilikuwa na wanaume wengi wafupi na dhaifu? Swali hilo lilikuwa limewasumbua watawala wake tangu Vita vya Makaburu vya 1899 hadi 1902. Mwandishi Arnold White alidai kwamba katika mji wa viwanda wa Manchester, kati ya wanaume 11,000 waliojitokeza kwenda vitani, 8,000 walikataliwa papo hapo. Mwaka 1902, Meja Jenerali Frederick Maurice aliandika, kwa jina la kubuni, kwamba kati ya kila wanaume watano waliotaka kujiunga, ni wawili tu waliosalia kuwa askari kamili. Takwimu hizo zilibishaniwa, lakini hofu ilikuwa ya kweli.

Majibu mawili yalishindana. La kwanza lilisema kwamba damu ya taifa inaoza: maskini huzaa wadhaifu, na wadhaifu huzaa wadhaifu zaidi. La pili lilisema kwamba watu hao wana njaa. Seebohm Rowntree alikuwa amechunguza maisha ya mji wa York mwaka 1899 na kuonyesha kwamba ujira wa familia nyingi haukutosha hata chakula cha kuuweka mwili katika nguvu zake. Serikali iliunda kamati ya kuchunguza udhaifu wa miili ya raia, nayo ilipotoa ripoti yake mwaka 1904 haikuona ushahidi wa damu iliyooza. Ilielekeza kidole kwenye chakula, makazi na hewa chafu. Mwaka 1906 Bunge likaruhusu mamlaka za elimu kuwalisha wanafunzi wenye njaa. Mwaka 1907 likazitaka zikague afya ya watoto shuleni.

Nia haikuwa huruma tupu. Dola ilitaka askari na vibarua wenye nguvu. Hata hivyo ilikubali jambo kubwa: kwamba aliyekataliwa na kipimo alikuwa ankara iliyoletwa mlangoni kwake. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Na kinachozama nacho kina waliokiunda vibaya.

Sasa tuvuke bahari, kwa kuwa dola iliyolisha watoto wa Manchester ndiyo iliyotawala Nairobi. Katika vita vya 1914 hadi 1918, Afrika Mashariki ilidaiwa wapagazi kwa mamia ya maelfu. Mwaka 1917, chini ya usimamizi wa John Ainsworth, wanaume wa Kenya walikusanywa kwa nguvu, wilaya kwa wilaya. Walilishwa unga wa mahindi ambao wengi hawakuuzoea, mara nyingi ukiwa haujaiva, na kuhara damu kukawafyeka. Kumbukumbu rasmi za Uingereza zilihesabu vifo vya wapagazi zaidi ya 40,000, wengi kwa maradhi, na hesabu hiyo inajulikana kuwa pungufu. Wanaume wa Manchester waliokataliwa waliwaachia watoto wao chakula cha shuleni. Wapagazi wetu waliokufa waliacha jina la mtaa: Kariakoo mjini Dar es Salaam, Kariokor mjini Nairobi.

Hapa kwetu jibu la damu ndilo lililopewa kiti. Maofisa wa King's African Rifles waligawa watu katika makabila ya vita na makabila yasiyo ya vita, kana kwamba ushujaa huzaliwa mahali pamoja na lugha. Lakini mwanahistoria Timothy Parsons ameonyesha kwamba sifa hiyo ilifuata hali ya uchumi. Wakamba, ambao awali hawakuhesabiwa miongoni mwa makabila ya vita, walikuja kusifiwa kuwa askari wa kuzaliwa wakati wa Vita Kuu ya Pili, baada ya ardhi kuchoka na serikali kuwanyang'anya mifugo mwaka 1938. Kilichoitwa maumbile ya kabila kilikuwa uhaba wa riziki.

Urithi huu bado tunao. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Nchini Kenya ni asilimia 18. Watoto hao watafika siku moja kwenye uwanja wa kuandikishia askari, na baadhi yao watapungukiwa sentimita mbili au tatu. Watarudishwa nyumbani wakiambiwa kwamba hawafai, na hakuna atakayeuliza walikula nini walipokuwa na umri wa miaka miwili.

Sidai kwamba jeshi liache kupima. Askari hubeba mzigo mzito, na mwili usioweza kuubeba huhatarisha wenzake. Ninachodai kipo ndani ya uwezo wa watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu: sababu za kukataliwa zikusanywe bila majina, kaunti kwa kaunti na wilaya kwa wilaya, zipelekwe kwenye wizara za afya na elimu, kisha zichapishwe. Daftari la waliokataliwa linaonyesha mahali ambapo dola ilishindwa miaka kumi na minane kabla. Waingereza walilisoma daftari lao mwaka 1904, wakajenga jiko la shule. Letu hufungwa jioni ileile, na kijana hubebeshwa peke yake aibu ya deni lisilo lake.